Maisha ya Dada Yetu Berenike, Mwosha Maiti wa Antiokia

Wapendwa katika Bwana, nanyi majirani mliosimama kule nyuma bila kukaribia, mimi ni Eliasibu, mdogo wake marehemu, na nimepewa kazi ya kuyasoma maisha yake kabla kaburi halijafungwa.

Dada yetu Berenike binti Yakimu alizaliwa mwezi wa Nisani, mwaka wa arobaini na moja kwa hesabu ya mji wetu, katika mtaa wa Wayahudi karibu na lango la Dafne, akiwa mtoto wa kwanza wa muuza mafuta. Shule hakupelekwa, ila zaburi alizijua kwa kumsikiliza baba, na kazi ya kuosha maiti za wanawake alifundishwa na mama, akaifanya tangu ujana wake bila kuchagua tajiri wala maskini. Mwaka wa sitini aliolewa na Matatia, fundi viatu, wakajaliwa watoto watatu, wawili akawaosha mwenyewe wangali wachanga, akabaki na Eleazari, ambaye leo hakuja hapa. Matatia alifukiwa na tetemeko la mwaka wa themanini na tano.

Mwaka wa tisini na mbili alimwamini Yesu, akawa anasali nyumbani kwa Krisa, mfumaji Mgiriki, pamoja na watu wa mataifa. Mwezi wa Eluli, kiangazi cha mwaka huo, mama yake Krisa alifariki, na chama chake cha kuzikana kikamkataa kwa kuwa alikuwa ameacha kummiminia divai mungu wao, maiti ikalala ndani katika joto lile bila wa kuigusa, mpaka Berenike alipobeba mtungi wake akaenda kumwosha, kisha akaketi akala nao mkate na dengu. Njiani kuelekea kaburini wanachama walitupiga mawe, na moja likamtoa dada yetu jicho la kushoto. Aliporudi mtaani, waoshaji wenzake walimngoja mlangoni.

“Umekula kwa wasiotahiriwa,” walimwambia. “Siku yako ikifika, usituite.”

Akawajibu, damu ikimtiririka, “Siku hiyo, wenzangu, sauti ya kuwaita nitaitoa wapi?”

Hakuna aliyecheka, na wiki hiyo hiyo Eleazari alimfukuza nyumbani kwa jambo hilo hilo.

Tangu hapo aliwaosha waumini wa mataifa waliotupwa na jamaa zao, lakini hofu ilimkaa, nani atamwosha yeye, maana Wagiriki wetu hawakuijua kazi ile. Mwezi wa Kislevu, mwaka huu wa tisini na tisa, alianza kukohoa damu, na alipoona haponi alimwita Krisa na wanawake wengine watatu, akajilaza, akawafundisha kuosha maiti juu ya mwili wake mwenyewe ungali hai.

“Kichwa kwanza, mwanangu, halafu upande wa kulia. Na ole wako ukiniachia maji masikioni, nitaamka nikugombeze.”

Amefariki leo, tarehe tatu ya mwezi wa Adari, alfajiri. Nilikwenda kwa Eleazari, akanijibu nyuma ya mlango, “Mjomba, mama yangu nilishamlilia zamani.” Nilikwenda kwa waoshaji, hawakufungua. Basi wale wanne wakamwosha, na mmoja kwa mazoea ya kwao akamtia sarafu mdomoni, ya kumlipa mvusha wafu, Krisa akaitoa taratibu.

“Huyu nauli yake imeshalipwa,” alisema.

Tunamshukuru tabibu Demofili aliyekuja kila alipoitwa, majirani walioleta maji, na wafumaji waliochimba kaburi hili. Eleazari naye akija, apokewe.

Pumzika, dada. Krisa amekufuta vizuri, masikio yako ni makavu, utamsikia Bwana atakapokuita.