Mguu Tuliouacha Nje ya Jeneza

Ndugu waombolezaji, mimi ni kaka yake mkubwa, nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya mdogo wangu, fundi viatu, ambaye wengi mlimwita Nenda Urudi.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, akasoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1966, akajifunza kushona viatu kwa mjomba wetu, na tarehe 9 Agosti 1975 akafunga ndoa na shemeji yangu huyu aliyekaa mbele, wakajaliwa watoto wanne, wote wapo hapa.

Tarehe 3 Oktoba 1988 gari la mizigo lilirudi nyuma hadi ndani ya duka lake, akakatwa mguu wa kulia chini ya goti, na mguu wa bandia aliopewa ulimchubua kigutu hata akauchonga upya mwenyewe, akaupeleka karakana ya hospitali ulikotengenezwa kuwaonyesha kosa, nao wakamwajiri Februari 1990. Kwa miaka ishirini na moja hakumkabidhi mtu mguu bila kumpima asubuhi na tena jioni, maana kigutu huvimba na kunywea, kisha akamwambia, "Nenda hadi getini, urudi," akamvua, akaitazama ngozi palipobanwa, akaukwangua mguu, akamtuma tena, na waliolalamika aliwajibu, "Chokea hapa, ukichokea nyumbani utanitukana."

Alistaafu 2011. Mei 2022 alirudi karakana ileile kuomba mguu mpya, kisukari kimeshamkondesha, na badala ya kumpima wakashusha rafuni plasta yake ya mwaka 2009, ule mfano wa kigutu chake, wakachonga mguu kwa kipimo hicho, kwa sababu faili lilisema ameshapimwa. Mara tatu alikwenda kuwaambia unambana, mara tatu akajibiwa, "Mzee, utauzoea," yeye aliyewafundisha kwamba mguu ndio unaomzoea mtu. Akapata kidonda, kikaingia mfupani, akafariki Jumanne, tarehe 20 Septemba 2022, saa kumi alasiri. Nimeombwa niseme aliugua kwa muda mfupi, nami sitasema hivyo, kwa kuwa kumpima kungechukua muda mfupi zaidi.

Tunawashukuru daktari na wauguzi wa wodi ya upasuaji, majirani waliombeba, na wenzake wa karakana mliofika. Mguu ule hatumziki nao, uko mezani karibu na mlango, ninyi wa karakana ondokeni nao, muuweke rafuni pale ilipokuwa plasta yake, ili akija mwingine muuone kabla hamjafungua faili.

Mdogo wangu, pumzika, huko hakuna kinachokubana.