Sauti ya Sostenes Marcel na Jina la Ghati

Ndugu waombolezaji mliotoka Ushetu, Mwakitolyo, Bugarama na kwingineko, familia inawasomea maisha ya mpendwa wetu kama alivyoagiza yasomwe, bila kuruka panapouma.

Marehemu Sostenes Marcel alizaliwa tarehe 14 Aprili 1979 huko Ushetu, mtoto wa nne wa mzee Marcel na mama Paskalia, wakulima wa tumbaku, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia 1987 hadi 1993, kisha sekondari mjini Kahama hadi 1997, ambako alinogewa na vitabu vya upelelezi, akivisoma hata kipindi cha hesabu, na matokeo ya kidato cha nne yakamuumbua.

Mwaka 2003 alihamia Mwakitolyo kutafuta dhahabu, mashimo hayakumpa kitu, na Machi 2008 akafungua banda la video, akawa anatafsiri filamu za nje kwa sauti yake mwenyewe, akiwapa wahusika majina ya watu wa machimboni, ili mchimbaji aliyechoka acheke akisikia tajiri wa Ulaya anaitwa kwa jina la bosi wake. Tafsiri hizo zilirekodiwa, zikasambaa kwenye simu za watu mpaka Geita.

Tarehe 17 Oktoba 2009 alifunga ndoa na Klara, wakajaliwa watoto watatu, Limi, Edward na Agnetha, waliozoea kumsikia baba yao akigombana na runinga, kwa kuwa aliamini watengenezaji wa filamu wanaviharibu vitabu, wanambadilisha muuaji ili kumshangaza aliyesoma, na kumbebesha asiye na kosa hatia, hata kama ni mtu wa hadithi tu, alikuita dhambi. Lakini yeye huyo huyo, kila jioni kabla ya filamu, alisoma skendo za mastaa, nani kafumaniwa, nani anasemwa kamlisha mumewe dawa, kisha akawataka watazamaji wanaomwona staa huyo ana hatia wanyooshe mikono, na mikono ilikuwa mingi siku zote, naye akisema ni utani tu.

Tarehe 10 Septemba 2019 alionyesha filamu iliyotokana na kitabu cha zamani, kuhusu tajiri aliyelishwa sumu, ambapo kitabuni muuaji ni daktari, ila kwenye filamu wamemgeuza kuwa mke, na Sostenes alilijua hilo vizuri. Wiki tatu nyuma alikuwa amefariki Chacha, mchimbaji kutoka Tarime, aliyeugua tumbo siku moja tu, na ingawa hospitali ilisema utumbo ulipasuka, watu walikuwa wakimtazama kwa jicho la pembeni mkewe Ghati, mama ntilie aliyempikia. Sostenes, kwa kutafuta kicheko, akampa mke wa tajiri jina la Ghati. Watu walicheka mpaka mpelelezi wa kwenye filamu alipomnyooshea mke huyo kidole, na hapo mikono ikanyooka yenyewe, mmoja baada ya mwingine, bila mtu kuombwa. Kesho yake hakuna aliyekula kwa Ghati, wiki iliyofuata kibanda chake kilichomwa moto, akaondoka na mwanawe mgongoni.

Sostenes alifunga banda, akamtafuta Ghati karibu miaka mitatu, akamkuta Bugarama tarehe 6 Juni 2022, akiuza chakula kwa jina jingine, na kwenye benchi la wateja simu ilikuwa ikicheza filamu ile ile, sauti yake Sostenes ikimtaja mwanamke huyo kwa jina, Ghati mwenyewe akisikia. Alipiga magoti akaomba radhi, naye Ghati akajibu kwamba radhi ameipokea, lakini anachotaka ni jina lake litoke vinywani mwa watu.

Mwezi huo huo alirudi Mwakitolyo akairekodi upya tafsiri ile, akasema mke hana kosa, wala hakumpa jina, na fundi wa kurekodi, Yasini, ambaye yupo hapa msibani, anashuhudia kwamba walipoisikiliza, sauti ilitamka Ghati. Walirudia mara nne, mara nne ikatamka Ghati. Tangu mwezi huo koo lake likaanza kukauka, Januari 2024 madaktari wakagundua saratani, Agosti hakuweza tena kusema hata neno, akawa anaandika kwenye daftari, na tarehe 9 Februari 2025, saa tisa alasiri, akafariki hospitalini Mwanza. Saa hiyo hiyo majirani waliisikia sauti yake ndani ya banda lililofungwa, ambalo spika zake ziliuzwa zamani, na hatuwabishii, kwa sababu hata sisi tumeogopa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliokesha nasi, na wachimbaji wenzake waliochimba kaburi hili kwa mikono yao.

Ghati hakumuua mtu. Marehemu aliandika kwamba sentensi hiyo isomwe mbele ya jeneza lake, na kila mwenye filamu ile aifute hapa hapa kabla udongo haujamwagwa. Tunajua tunachowaomba, kwani tafsiri zake nyingine zimeshafutika kwenye simu za watu, na nakala alizobaki nazo alizichoma zote, na hakuna mahali pengine sauti yake ilipobaki. Jana Limi alimwomba mama yake amruhusu aisikilize sauti hiyo mara moja tu, ya mwisho, Klara akakataa, akaifuta filamu kwenye simu, wakalia wote. Tafadhali toeni simu zenu.

Nenda kwa amani, Sostenes, sasa nyamaza upumzike.