Majina ya Vifaa vya Fundi Taratibu

Ndugu, jamaa na majirani, marehemu baba yetu, ambaye wengi mlimwita Fundi Taratibu kwa kuwa hakuna redio aliyoifungua kwa haraka, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, akasoma hadi darasa la saba, na mwaka 1970 akaanza kutengeneza redio katika chumba kimoja chenye dirisha la barabarani, kaka yake akimshikia nyaya.

Tarehe 2 Juni 1974 alimwoa mama, huyu mnayemwona ameketi mbele, aliyebatizwa Mama Kengele kwa sauti yake ya kuitia watu chakula, wakajaliwa watoto wanne.

Marehemu alipenda utani, na vifaa vyake alivipa majina ya watu. Kile kisimamo chenye vibanio viwili, kinachoshika kazi mikono ya fundi ikijaa, alikiita Kaka, na kaka yake, mtu mzima wa afya, akafariki wiki hiyo hiyo. Kile kibomba cha kunyonya risasi ya kulehemu iliyoyeyuka, kwa kuwa kilivuta kama shangazi yake anywapo chai ya moto, alikiita Shangazi, na shangazi hakumaliza mwezi. Watu walisema ni mambo ya Mungu tu, lakini mama aliogopa, na tangu hapo vifaa vyote vikawa hiki na kile, wateja wakimtania kwamba uzee umeanza kumla kumbukumbu.

Januari mwaka huu alinunua kipimo kipya, kile kinacholia waya ukiwa mzima, na mteja mmoja akacheka, akasema hicho basi ni Mama Kengele. Mama alikuwa mlangoni na chai. Anasema marehemu alichukua bisibisi, akachora jina mgongoni mwa kipimo, kisha akamwambia mteja, bila kupandisha sauti, kwamba mwenye kifaa ndiye hutoa jina, na hiki kinaitwa Taratibu.

Kesho yake alianza kuumwa, akalazwa, ugonjwa haukuonekana, na tarehe 3 Februari, saa nne asubuhi, akaaga dunia mkono wake ukiwa mkononi mwa mama.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, majirani, na mafundi wenzake waliofunga kazi leo. Kipimo tumemwekea ndani ya jeneza, betri zake anazo mama mfukoni, hata hivyo mtakaosikia kinalia msishtuke, ila tunawasihi, mtu asikipe jina lingine.

Pumzika kwa amani, Fundi Taratibu. Mama yu mzima.