Mama Geuka na Figo Iliyobaki Mahali Pake

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba cha picha cha hospitali yetu, daktari bingwa wetu wa picha anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu. Kwenye karatasi za ofisi ana jina refu na vyeo vyake. Sisi wa koridoni tunamwita Mama Geuka, kwa sababu hakuna aliyelala kwenye kitanda chake asiambiwe ageuke. Ilifika mahali mlinzi wa getini akimsikia anakohoa tu, anageukia ukutani mwenyewe.

Mimi ninayeandika ni mkuu wa machela. Mimi na shule tuliachana mapema, bila ugomvi, lakini wagonjwa niliomsukumia mama huyu wakisimama mstari, mstari utafika nchi jirani na kurudi. Kwa hiyo nikimsifu, najua ninachosema.

Alipoanza, chumba kile kilikuwa na mashine moja ya eksirei iliyonguruma kama kinu cha unga, na feni iliyozunguka ikijisikia. Yeye ndiye aliyepigania altrasaundi, kisha CT, ile mashine ya duara inayompiga mtu picha vipande vipande kama mkate. Baadaye akaenda kusomea matibabu ya kupitia mishipa ya damu, akarudi kutufungulia chumba chake. Siku ya ufunguzi mashine ilikataa kuwaka. Niliigonga ubavuni kwa kiganja, ikawaka. Fundi anadai ni yeye aliyechomeka waya. Tumuachie.

Lakini sifa yake kubwa ni figo. Zamani uvimbe ukionekana kwenye figo, watu walianza kunoa visu. Yeye akaweka sheria chumbani kwake: hakuna kuandika ripoti ya uvimbe wa figo kabla ya kutafuta mafuta ndani yake. Maana upo uvimbe wa mafuta na mishipa ya damu, ambao kwa kawaida si saratani. Ukiwa mdogo unaachwa, mtu anarudi kupigwa picha kila baada ya muda. Ukiwa mkubwa unaweza kupasuka ukavuja damu, ndipo unatibiwa. Na asipoona mafuta hakubahatisha. Alichukua kinyama kwa sindano kikapimwe maabara.

Haya nayaapia, kwa sababu mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, alipita humo. Ni fundi cherehani, alikuwa ameolewa mwaka ule na hamu ya mtoto imemjaa. Alikwenda kliniki moja kwa maumivu ya ubavu, akarudi na habari kwamba figo ina uvimbe mkubwa kama limau, huenda ni saratani, figo itolewe. Nyumbani ikawa msiba kabla ya msiba. Mimi kama mjomba niliitisha kikao, nikatangaza kwamba natoa figo zangu, zote mbili, achague. Shemeji akauliza nitabaki na nini. Nikamjibu mwili wangu umezoea shida.

Siku ya kulazwa nilimlaza kwenye machela yangu bora, shuka jipya, gurudumu halilii, ingawa binti alikuwa anatembea vizuri kunishinda. Niliona mpwa wa mkuu wa machela hawezi kuingia wodi ya upasuaji kwa miguu. Mama Geuka akatukuta koridoni, akasoma cheti, akaagiza mgonjwa ashuke, anayetembea atembee, na aanzie chumba cha picha. Daktari wa upasuaji hakununa. Alisema na yeye angelala vizuri zaidi akiwa na uhakika.

Picha ya kliniki, mama alitueleza, ilipigwa dawa ya kung'arisha picha ikiwa tayari mwilini, tena kwa vipande vinene, na mafuta kidogo hujificha humo. Akapiga upya, bila dawa, vipande vyembamba. Dada na mimi tukakaa kwenye benchi nje. Nilihesabu vigae vya sakafu mara tatu, kila mara nikapata jibu jingine. Mlango ukafunguka, Mama Geuka akaja moja kwa moja kwa dada yangu, akamshika bega.

"Dada, mafuta nimeyaona. Si saratani. Figo ya mtoto haitoki."

Dada alikaa sakafuni pale pale, anacheka na machozi yanamtoka. Mimi vumbi liliniingia machoni, na koridoni hapo pametoka kupigwa deki.

Uvimbe wa ukubwa ule haukuwa wa kuachwa, hasa kwa mtu anayetaka kubeba mimba. Mama Geuka alipitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa kinena, kwa ganzi tu, akaufikisha kwenye figo, akaziba vijishipa vilivyoulisha uvimbe. Mpwa wangu alikuwa macho, anamwuliza daktari joho lake la kazi kalishonesha kwa nani, mbona limevuta begani. Homa ilimsumbua kidogo, ikaisha. Picha zilizofuata zilionyesha uvimbe unanywea na figo inachapa kazi. Alipopewa ruhusa ya mtoto, hakupoteza muda. Huyo mtoto sasa ana meno, na ananiita babu mbele za watu, kijana kama mimi.

Siku ya kumuaga, mpwa wangu atakaa mstari wa mbele na figo zake zote mbili. Mama, ahsante kwa hiyo moja, na kwa nyingine nyingi ambazo wenye nazo hawajui hata kwamba nusura zitolewe. Sote wa koridoni tunakuombea mapumziko marefu, afya tele na siku zenye raha.