Mama Léa Umba, Mkunga Aliyeandika Jina Lake Mwenyewe

Ijumaa, tarehe 28 Machi 2025, Mama Léa Umba anastaafu baada ya kuitumikia maternite yetu, hospitali ya uzazi ya Kamina, kwa miaka thelathini na mitano. Alipoanza kazi mwaka 1990 alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, diploma moja na baiskeli ya kaka yake. Wa siku zile amebaki yeye na kabati la vyombo, nalo kabati limeshabadilishwa milango mara mbili.

Wote waliofanya kazi chini yake wanajua sheria yake ya kwanza: mwanamke mwenye uchungu hafokewi. Mwaka 2004 treni ya kutoka Bukama iliharibika njiani, naye akiwa ndani, akamzalisha mama mmoja katikati ya magunia ya samaki wakavu. Baba alifurahi mno, akataka mtoto aitwe Treni. Mama Léa alimkatalia mpaka walipofika Kamina. Mtoto anaitwa Jérémy, na mwaka jana alipata diploma yake ya serikali ya kumaliza sekondari bila kuchekwa na mtu.

Lakini kuna jambo lake mwenyewe ambalo hatuwezi kuliruka. Alipokuwa na miaka thelathini na mmoja, hedhi ilikoma. Daktari wa Lubumbashi alimwambia kwamba mayai yake yamekwisha. Kwa miaka kumi na mitatu iliyofuata alipokea watoto wa wenzake asubuhi, na jioni alirudi kwenye nyumba isiyo na mtoto. Mumewe, Mwalimu Béni Kabamba, hakumfukuza, ingawa dada yake, Mwanza, alimletea msichana wa kuoa, hadi mlangoni, na sanduku lake.

Mwaka 2011, kwenye mafunzo, Mama Léa alisikia daktari akieleza kwamba tumbo la uzazi linaweza kubeba mimba hata kama mayai yamekwisha. Yai la mwanamke mwingine hurutubishwa maabara kwa mbegu za mume, kisha hupandikizwa. Aliomba ruhusa, akaenda na mumewe hadi kliniki moja ya Lusaka. Mara ya kwanza mimba haikushika. Jumatatu yake alikuwa kazini, akazalisha mapacha, akawafunika vizuri, akaenda kulia katika chumba cha shuka. Mwaka uliofuata walirudi Lusaka, na safari hii ilishika.

Tumbo lilipoanza kuonekana, mkuu wetu wa wakati ule alimshauri anyamaze. Alimwambia aseme tu kwamba Mungu amemsaidia.

"Mungu alinisaidia," akajibu Mama Léa, "na kuko mwanamuke alinisaidia pia. Minyi nitataja bote babili."

Akawataja, sokoni na hata kanisani. Wamama wa kikundi chake cha parokia walimwomba apumzike kwanza, yaani asije kikundini. Hakubishana nao. Jumapili iliyofuata alitoka benchi la sita, alilokaa miaka yote, akahamia la kwanza, na hajalihama mpaka leo. Sisi wenzake wa kazi hatukuwa bora kuliko wao. Tulinong'ona kwamba mimba ile ni ya kuazima. Mimi ninayeandika haya, Déborah Nyembo, nilinong'ona pia.

Mtoto alizaliwa kwa upasuaji tarehe 9 Mei 2013, msichana wa kilo tatu na kitu. Siku ya tatu, Mwanza alifika kutoka Bukama pamoja na mashangazi wawili. Mimi nilikuwa mezani, mle wodini, na kitabu cha vizazi mbele yangu.

"Mutoto iko damu ya kaka yetu, njo wetu," Mwanza akasema. "Weye ulimubeba tu. Tutaenda naye Bukama." Kisha akanigeukia. "Na weye, usiandike huyu kama mama. Mama yake hatumujue."

Sikuandika. Kalamu ilisimama mkononi mwangu, na aibu ya dakika ile ninayo bado.

Mama Léa alishuka kitandani, mkono mmoja juu ya mshono. Alitembea polepole hadi mezani, akaichukua kalamu mkononi mwangu na kuandika majina yake, yote matatu, kwenye nafasi ya mama. Ndipo akamtazama wifi yake.

"Yai ilitoka kwa muntu mwingine, niko najua, na ile mwanamuke niko namushukuru kila siku. Lakini tumbo njo yangu. Hii kidonda njo yangu. Maziwa yenye iko naloanisha nguo njo yangu. Minyi njo mama yake. Mulango iko pale."

Mwalimu Béni aliingia wakati huo, chaki bado vidoleni. Alimwambia dada yake kwamba atakayemchukua mtoto amchukue na baba, ila baba huyu ni mzito, watafute mkokoteni. Shangazi mmoja alicheka, na waliokuja kwa vita wakaondoka. Mwanza alikaa miaka minne bila kukanyaga Kamina. Siku hizi mtoto huyo, Laetitia, huenda kwake likizo, wazazi wakiombwa kwa adabu. Laetitia ana miaka kumi na moja, na habari za kuzaliwa kwake anazijua tangu alipokuwa na mitano.

Baada ya hapo Mama Léa alifungua zamu ya Alhamisi kwa ajili ya wanawake wasiopata mimba. Walikuja kwa baiskeli, kwa pikipiki, hata kutoka Kinkondja. Hakuwadanganya. Aliwaambia kwamba wachache tu wataweza kwenda mbali kama yeye, na kwamba si kila aendaye hurudi na mimba. Ila hakumpokea mwanamke mara ya pili bila mumewe, kwa sababu wanaume nao hupimwa. Wengine walitoroka kupitia uani. Wengi walirudi. Wanawake walioitwa tasa waliondoka wakijua kwamba ugonjwa una jina, na kwamba jina hilo si tusi.

Kamati ya sherehe iliniomba nifupishe wasifu huu, niseme tu kwamba alijaliwa mtoto mmoja. Nilikwenda nyumbani kwake kumwuliza. Alikuwa anasuka nywele za Laetitia, wala hakuinua kichwa.

"Kama unakata ile," akasema, "ukate na jina langu."

Sikukata kitu.

Asante, Mama Léa, kwa kila mtoto uliyempokea na kila mwanamke uliyemkalisha kitini badala ya kumhukumu. Pumzika sasa, mle vizuri, mcheke sana nyumbani kwenu. Zamu ya Alhamisi nimeiomba mimi, nami nimepewa.