Mtoto wa Umri Gani Apande Farasi wa Mbao

RISALA YA WAZAZI WA NYAMBURETI KWA MWENYEKITI WA KAMATI YA MAONYESHO, MWAKA 1957

Bwana Mwenyekiti, uliye mgeni wetu rasmi, Jumbe wetu, Mwalimu Stanslaus, akina baba na akina mama mliofika, na ninyi mnaosikiliza kutoka zizini kwa sababu ng'ombe hawajui sherehe:

Sisi wazazi wa Nyambureti tunakusalimu. Vijana wetu wanasema shikamoo. Wazee wanakuuliza habari za njia, maana wanaijua njia yenyewe, na mtu akifika hapa kutoka Tarime na mifupa yake yote ni wa kupongezwa.

Mimi ninayesoma ni Athanas Waitara, katibu wa wazazi. Nimechaguliwa kwa kuwa sauti yangu inafika mbali, wala si kwa upole wangu. Karani wako atakutafsiria. Tunamwomba asiruke kitu, hata akiona haya. Yeye ni mtoto wa ng'ambo ya Mto Mara, analijua tunalotaka kusema, na ndiyo maana tangu asubuhi hajatutazama usoni.

KUKUKARIBISHA

Karibu sana. Tumechinja. Kuna ugali wa ulezi na maziwa ya mgando, na kwa wewe usiyezoea kuna chai. Umekaa kwenye kiti cha Jumbe mwenyewe, naye amekubali kukaa kwenye benchi la darasa la kwanza, jambo ambalo hatujawahi kuliona.

Tumeambiwa umekuja na neno jema: kwamba farasi wa mbao wamerudi Tarime, na kwamba safari hii lori litachukua watoto wote, wakubwa kwa wadogo, hata wanaobebwa mgongoni, waende wakaone na wapande bure. Ahsante. Anayempenda mtoto wako amekupenda wewe. Lakini kabla hujatutajia siku ya lori, tusikilize mpaka mwisho.

HISTORIA FUPI

Kijiji hiki kilianzishwa na babu zetu waliofuata malisho. Hawakuacha maandishi. Waliacha desturi, na moja kati ya hizo inahusu leo.

Kwetu mtoto hupewa jina na bibi yake. Jina hilo likishatolewa halishiki papo hapo. Linalegea ndani ya mtoto kama meno yake ya utotoni. Kwa hiyo mtoto mdogo akipelekwa mbali, sokoni, matangani, kwa mjomba wake, wakati wa kuondoka ni lazima mama au bibi asimame pale pale alipocheza na amwite kwa jina la nyumbani: "Fulani, twende nyumbani." Mtoto aitike. Ndipo wanaondoka. Wakifika mtoni anaitwa tena kabla ya kuvuka. Hatumwiti kwa hasira, tunamwita kwa sauti ya kumwita kula.

Meno ya mbele yakishang'oka na mengine kuota, jina limeshika. Mtoto huyo anaweza kwenda popote, hata Nairobi, na atarudi mzima au atarudi mjinga kama wengine, lakini atarudi yeye.

Tunajua wako watakaocheka. Padri wetu mwenyewe alicheka. Siku hizi hacheki.

MAFANIKIO

Tunalo josho la ng'ombe. Tunalo darasa lenye bati, na kanisa ambalo bati lake linakuja. Wasichana wanasoma, ingawa baba zao walisema mengi.

Na mwaka jana, baada ya mavuno, watoto wetu walikwenda Tarime kwa lori kwenye Maonyesho, wakapanda farasi wa mbao wanaozungushwa na injini, wakala peremende, wakarudi wote salama. Jambo hili tumeliweka hapa chini ya mafanikio kwa sababu Jumbe alituomba tuliweke hapa. Tumemheshimu. Sasa tunalitoa hapa na kulipeleka panapostahili.

SHIDA ZETU

Mgeni rasmi, tunayo shida moja tu. Mnada uko mbali, fisi ni wengi, lakini hizo tumezizoea.

Mwaka jana Kamati yako ilisema waende watoto wanaotosha kuanza shule. Na kipimo cha shule unakijua: mtoto anapitisha mkono juu ya kichwa, akigusa sikio la upande wa pili, basi ametosha. Kipimo ni kizuri kwa watoto wengi. Lakini kijijini hapa yuko mtoto wa Regina Mniko, anaitwa Gati, na Gati alizaliwa na mikono mirefu. Ukoo wao wote ni hivyo. Babu yake alikuwa anajikuna goti bila kuinama! Gati alishika sikio, akalivuta, akacheka, na meno yake yote ya utotoni yakiwa kinywani, hakuna hata moja lililotikisika.

Bibi yake, Bibi Mogesi, alikataa. Alisema, "Huyu bado. Mkimpeleka, nami naenda." Ikasemwa lori ni la watoto na mwalimu tu. Mama akasema tumwache mtoto afurahi. Sisi wengine tukanyamaza, maana na watoto wetu walikuwamo na hatukutaka lori likasirike na kuondoka.

Mwalimu Stanslaus ameturuhusu kusema yaliyotokea huko, na tunamshukuru, maana si kila mwalimu angekubali. Jioni ilipokaribia aliwaita watoto mmoja mmoja wapande lori. Aliwaita kwa majina ya ubatizo, kama anavyowaita darasani kila siku. Alipofika kwa Gati aliita "Teresia!" Mtoto akaitika, "Nipo." Akapanda, akaketi. Kwenye pantoni, wakati wa kuvuka Mara, aliita tena vivyo hivyo, akahakikisha hakuna aliyebaki. Kwa hesabu ya shule hakukosea hata kidogo. Kati ya watoto wale, aliyekuwa bado na meno yote ya utotoni ni Gati peke yake. Na jina la Gati halikuitwa.

Basi Teresia alirudi.

Ni mtoto mzuri, Mgeni rasmi. Yuko pale mbele, mwenye gauni la kijani. Anachota maji, anasali, hagombani na mtu. Gati alikuwa na maneno kuliko kasuku, alikuwa anamwita mbuzi wake kwa kumtukana, alikuwa anaomba maziwa kabla ng'ombe hajakamuliwa. Teresia haombi. Ukimpa anakunywa, usipompa anakaa. Mbuzi yule hamjui. Kila alasiri, saa ambayo huko Tarime injini ilikuwa inawashwa, anaketi kwenye kigogo cha mlangoni, na mwili wake unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, polepole, na macho yake yanatazama kitu kinachompita mbele na kurudi. Mama yake alimshika mabega siku moja amzuie. Anasema aliuona mwili unavutwa juu mikononi mwake kama ndoo kisimani, na hakurudia tena.

Wa umri wake waliobaki nyumbani wote wameng'oka meno ya mbele, wana mapengo, wanachekana. Yake hayajatikisika.

Lakini hilo silo lililotunyima usingizi. Jioni ile ile ya kurudi, Bibi Mogesi alimimina maziwa, akaita kama kawaida yake, "Gati!" Mtoto alikuwa ameketi mbele yake. Hakugeuka. Na kutoka nje, kwenye njia ya kwenda mtoni, sauti ikaitika, "Abee, bibi!"

Tulikuwapo. Mimi nilikuwapo, nilikwenda kuuliza habari za safari. Nilitoka mbio na mwenge wa moto, nikaangaza njia, hapakuwa na mtu. Bibi aliita tena. Ikaitika tena, kwa furaha, kama mtoto aliye mchezoni ambaye anasikia lakini hataki kuja.

Tangu hapo bibi anaita kila anapomimina maziwa. Mwanzo sauti ilikuwa njiani. Halafu ikawa ng'ambo ya mto. Halafu tukasikia kwamba farasi wa mbao wamefungashwa Tarime na kupelekwa Kisii, na sauti ikawa nyembamba, unasikia "bee" tu, ukiwa umeshika pumzi. Farasi hao walipopelekwa mbali zaidi, hatujui wapi, hatukusikia kitu tena. Masika yote bibi aliita na hakujibiwa. Alikuwa anamimina maziwa ya mtoto yule kwenye kibuyu chake, anayaacha mpaka yanaganda, halafu anawapa mbwa huku analia. Sisi ni watu wazima, tumezika watu. Lakini mtu wa kumzika yuko mbele yako anakula ugali, na mtu wa kumlilia anaitika kutoka usipopajua. Utafanya matanga ya nani?

Halafu mwezi uliopita, kabla barua yako haijafika, kabla Jumbe hajajua lolote, bibi aliita, na kutoka upande wa Tarime ikaja "bee" ndogo. Hivyo ndivyo sisi tulivyojua kwamba farasi wamerudi. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, Mgeni rasmi. Regina alikimbia mpaka mtoni miguu mitupu.

MAOMBI

Tunaomba, kwanza, kipimo cha sikio kibaki shuleni. Kwa safari za kwenda kwenye mashine za kufurahisha, kipimo kiwe meno. Mtoto asiyeng'oka meno ya mbele asiende, hata akilia, hata mama yake akisema aachwe afurahi. Furaha itamsubiri. Farasi wa mbao hawazeeki.

Kama Kamati itaona hilo ni gumu, basi lori lichukue na bibi zao. Bibi zetu hawali sana.

Na ombi la Regina Mniko na Bibi Mogesi peke yao: wapelekwe Tarime, mashine isimamishwe kidogo, wanyamaze wote, na bibi aruhusiwe kusimama karibu na yule farasi mwekundu mwenye sikio lililovunjika, ambaye watoto wanasema Gati alimpanda akakataa kushuka. Amwite. Hilo tu.

Hapa ndipo risala yetu ilipokuwa inaishia. Yanayofuata tumeyaandika leo asubuhi, wewe ukiwa umekaribishwa chai kwa Mwalimu, na wino haujakauka vizuri, kwa hiyo nisameheni nikisitasita.

NYONGEZA

Dereva wako Filemoni ametuambia, kwa kujivuna, na hana kosa, kwamba jana ulifungua Maonyesho rasmi. Kwamba uliombwa upande farasi ili upigwe picha, ukachagua mwekundu, watu wakapiga makofi, ukazungushwa mpaka kofia ikaanguka. Na kwamba mliondoka papo hapo kuja huku, ukakaa mbele pamoja naye, karani akapanda gari la mizigo. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu.

Filemoni anasema kwenye pantoni gari lilikaa chini nyuma kama lina abiria. Alishuka kutazama magurudumu. Yalikuwa mazima. Kioo cha nyuma kimejaa vumbi kwa nje, kama vioo vyote vya njia hii. Kwa ndani kina alama ya kiganja. Kidogo, chenye vidole virefu. Tumekwenda kukitazama wazazi wote, kwa zamu, na tumeona.

Mlipoingia kwa Mwalimu, Bibi Mogesi alikuwa anamimina maziwa hapo uani. Aliita kwa mazoea tu, hata hakuinua kichwa.

Mgeni rasmi, imeitika kutoka ndani ya gari lako. Filemoni ameacha ufunguo mchangani na mpaka sasa hataki kuuokota.

Kwa hiyo ombi letu la Tarime tunaliondoa. Tunaomba kitu kidogo kuliko hicho. Mlango wa nyuma wa gari ufunguliwe. Tusipige makofi nitakapomaliza, wala vigelegele, akina mama, tafadhali sana. Bibi atasimama na kibuyu. Ataita. Likipita jambo katikati yetu kuelekea kwa yule mtoto mwenye gauni la kijani, msigeuke, msimsemeshe, msiseme "Yesu" wala "mama yangu." Mwacheni apite. Ameshachelewa sana.

Na sasa wewe. Wazee wamenituma niulize hili kwa adabu, na karani atafsiri kwa adabu. Tunajua wewe ni mtu mzima na meno yako ni ya ukubwani. Lakini ulimpanda farasi yule yule, ukaondoka kwa haraka, na pale hakuwapo mtu wa kwenu wa kukuita. Tangu umefika tunakutazama. Tumekupa chai, hukuinywa. Umeketi kwenye kiti cha Jumbe, na tangu nianze kusoma, hili halimo kwenye karatasi, mwili wako unapanda na kushuka, polepole. Labda ni uchovu wa njia. Lakini tafadhali, jina alilokupa mama yako, la nyumbani, si hili la ofisini, mwambie karani. Bibi Mogesi amesema akimaliza na wake atakuita na wewe. Hatakudai kitu.

Mungu akubariki, akurudishe kwenu ukiwa mzima, na akawarudishe wote walioachwa mchezoni jua likiwa limetua.

Ni sisi wazazi wa Nyambureti, pamoja na Teresia aliyeketi mbele, na Gati aliye garini.

Filemoni, fungua mlango.