Mzee Subiri na Prosesa za Kompyuta za Ofisini

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Mzee Subiri anastaafu baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha kompyuta mpakato kwa miaka ishirini na saba. Kumi na tisa kati ya hiyo ameimalizia kwenye meza moja, karibu na dirisha lisilofunga vizuri, akichagua prosesa, yaani chipu za ubongo, za kompyuta zinazouzwa kwa ofisi.

Alianza kama fundi wa kukaza skrubu. Jina la utani, Subiri, alipewa na mafundi wenzake. Kila prosesa mpya ilipoletwa na watu wa mauzo wakaanza kuisifia, yeye alitamka neno hilo moja na kurudi kwenye chai yake.

Wengi wamemuuliza kwa nini kompyuta ya nyumbani hupewa prosesa mpya yenye kasi, na ya ofisini ikapewa nyingine. Hakuchoka kueleza. Mtu wa nyumbani hununua moja. Ofisi hununua mia tatu, mwakani mia nyingine, na fundi wao anataka zote zifanane, aweze kuzirekebisha akiwa mbali, na iliyoibwa aifunge isifunguke tena. Kwa hiyo Mzee hakuanza na kasi. Aliuliza kwanza prosesa hiyo itatengenezwa hadi lini.

Karani wa kitengo, ndiye anayeandika haya, hakuuliza. Mwaka jana aliteua prosesa iliyoshinda majaribio yote ya kasi, akapeleka fomu akitabasamu. Mteja alikuwa hospitali, na oda ilikuwa ya miaka mitatu. Mzee aliisoma, akavua miwani, akataka kujua kama mtengenezaji amepigiwa simu. Hakuwa amepigiwa. Walipompigia, waliambiwa prosesa hiyo itaacha kutengenezwa baada ya miezi kumi na minne. Mzee hakufoka. Alisema tu kwamba manesi wangebaki na kompyuta zisizoelewana huku mgonjwa anasubiri. Karani alishindwa kumaliza chakula chake cha mchana. Mzee akamsaidia kukimaliza.

Sasa fomu ya toleo lijalo la kompyuta iko tayari. Itasainiwa Jumatatu, na kwa mara ya kwanza itakuwa na saini ya karani peke yake. Amempigia mtengenezaji mara tatu, na mara zote ameambiwa prosesa itatengenezwa kwa miaka mitano. Bado anatamani kupiga ya nne. Juzi alimwomba Mzee asaini kabla hajaondoka, hata pembeni kwa penseli. Mzee alicheka hadi akakohoa. "Mwanangu, anayesaini hapa ni yule atakayekuwepo mwaka wa nne simu ikilia. Mimi nitakuwa nimejilalia."

Asante, Mzee wetu, kwa kila simu uliyoipokea. Tunakuombea afya njema, usingizi mrefu wa mchana, na wajukuu wasiokuletea kompyuta zilizoharibika. Jumatatu saa tatu karani atasaini. Atatumia kalamu, si penseli, na jina litasomeka.